Nanga Ishike: Maneno Machache juu ya Kutia Nanga Ziwani Tanganyika



Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikakoma Ujiji. Burton na Speke waliifuata, na walipofika ziwani mwaka 1858 ilibidi watumie mitumbwi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini mtu wa Tabora ashukaye ziwani bado huacha nchi aijuayo na kuingia katika maji asiyoyazoea. Kwa hiyo yafaa tujue habari za nanga.

Wengi hudhani kwamba nanga hushika chombo kwa uzito wake. Sivyo. Jiwe likizama hupungukiwa na zaidi ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo hufaa siku ya shwari tu. Nanga njema hushika kwa kuzama ardhini kama jembe. Ikivutwa kwa chini huzidi kuzama. Ikivutwa kwa juu hung'oka.

Basi siri ni urefu wa amari. Pimeni kina kwa kamba yenye chubwi, mkihesabu tangu ukingo wa omo. Kwa kila pima moja toeni pima tano za amari. Usiku au penye upepo mkali, saba. Kipande cha mnyororo karibu na nanga huilaza amari chini.

Tazameni na ardhi pia. Penye mchanga au tope, baura yenye makombe mapana hushika vizuri. Penye miamba tumieni nanga ya kucha nne, mkaifunge kamba ya pili kitakoni pamoja na chelezo, ili ikinasa mweze kuivuta kwa nyuma. Penye majani huteleza; tafuteni mahali peupe.

Mkitia nanga, elekezeni omo kwenye upepo, mkaishushe polepole bila kuirusha. Acheni chombo kirudi nyuma huku mkitoa amari kidogo kidogo, kisha ifungeni omoni, wala si tezini, maana mawimbi yataingia. Wekeni mkono juu ya amari: ikitetemeka, nanga inaburutwa. Tena chagueni mti na jabali vilivyo katika mstari mmoja pwani; vikiachana bila upepo kugeuka, mmechukuliwa.

Jihadharini hasa na ziwa hili. Kina chake hupita mita 1,400, na mahali pengi ufuo huteremka ghafula. Nanga iliyotiwa katika mteremko hung'oka upepo wa nchi kavu ukivuta chombo kwenda kilindini, nayo huning'inia tu. Tangu Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Msilale katika mteremko kama huo. Tafuteni ghuba yenye mchanga, au pandisheni mtumbwi pwani.

Watu wengi huihurumia kamba, wakatoa fupi. Lakini amari iliyobaki imekunjwa chomboni haijamwokoa mtu. Iliyolala chini ya maji ndiyo imrudishayo baba kwa watoto wake.