Safari ya Ahali kwa Gari la Kulala, Pwani ya Queensland
Ahali inayoazimu kutoka Cairns, nchini Australia, kwa gari lenye vitanda na jiko, ikavuka Mto Daintree kwa pantoni ya kebo hadi Cape Tribulation, ambako msitu hushuka mpaka ufukweni, haina budi kufahamu kwamba maji yale, ambayo watoto huyatamani mno wakati wa adhuhuri, ni maskani ya mamba. Msioshe sufuria za samaki kando ya mto. Mamba huijua ada ya mgeni upesi kuliko mgeni aijuavyo ya mamba. Aidha, tangu Novemba hadi Mei baharini huwapo yavuyavu wenye sumu ya kuua: aliyechomwa atolewe majini, ipigwe simu 000, na palipochomwa pamwagiwe siki kwa sekunde 30 au zaidi, wala pasisuguliwe. Chupa za siki huwekwa kwenye nguzo katika fukwe nyingi, lakini yenu isikose garini.