Nembo ya Mgongoni

Baada ya klabu ya pikipiki ya Mongols kupatikana na hatia ya uhalifu wa kupangwa huko California, waendesha mashtaka walitaka kitu kisicho cha kawaida: nembo yake ya mgongoni. Mwaka 2019 jaji akakataa. Kuitwaa kungekiuka uhuru wa kujieleza.

Waendesha mashtaka hawakukosea shabaha, lakini. Katika klabu hizi kizibao chenye nembo hakinunuliwi. Mgeni hutumikishwa kwanza: alinde pikipiki za wakubwa, atumwe huku na kule, anyamaze, mpaka wanachama wampigie kura. Na akifukuzwa, nembo anairudisha.

Mwaka huohuo wa 2019, mahakama ya Utrecht, Uholanzi, iliipiga marufuku klabu nyingine ya pikipiki, Hells Angels, nchi nzima. Mimi naona hao wa Utrecht walilenga vizuri zaidi: waliishika klabu yenyewe.