Mboga Hazifuati Kalenda ya Mahindi: Majira na Bustani za Dar es Salaam

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi wetu, wakulima wa mboga mliofika kutoka mabondeni, mabibi na mabwana,

Nitaitaja hoja yangu mapema ili kila mmoja aipime kadiri ninavyoendelea. Kalenda tuliyofundishwa shuleni, ya kutayarisha shamba wakati wa kiangazi na kupanda mvua zinapoanza, ni kalenda ya nafaka. Mboga za majani za Dar es Salaam zina kalenda yao, nayo huenda kinyume. Mvua zikipamba moto, mboga huadimika. Mvua zikishapita na ardhi ikabaki na maji, hapo ndipo jiji hushiba mboga. Tusipolielewa jambo hili tutalipanga jiji vibaya, na watakaoumia ni walaji wa kipato kidogo.

Majira ya jiji

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Urefu wa mchana hubadilika kwa chini ya saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mkulima wa hapa hana haja ya kuhesabu saa za jua. Anachokitazama ni upepo na maji. Ukanda wa mvua hulifuata jua na kutupitia mara mbili: ukielekea kaskazini, Machi hadi Mei, tunapata masika, ukirejea kusini, Oktoba hadi Desemba, tunapata vuli. Kati ya mvua hizo mbili kuna kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na joto la usiku kushuka hadi karibu nyuzi 19. Baada ya vuli huja kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi ikivuma na joto la mchana likifika nyuzi 32.

Kwa mwaka tunapata takriban milimita 1,100 za mvua, na Aprili peke yake huchukua zaidi ya 200. Mahindi yanaisubiri Aprili hiyo kwa hamu. Mchicha unaiogopa.

Masika na mchicha

Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa. Mbegu yake ni ndogo mno na husiwa juujuu, hivyo mvua moja kubwa inatosha kuisomba yote. Ile inayosalia huota kwenye udongo uliolowa, kinyausi kikaikata miche shinani. Majani yanayoponea hapo hurukiwa na matope, yakapata madoa, na mnunuzi akayakataa. Mabonde, ambako bustani nyingi zipo, huwa yamejaa maji. Ndiyo maana bei ya fungu la mchicha hupanda Aprili na Mei, wakati kila kitu kingine machoni petu ni kijani.

Mkulima mzoefu hapambani na masika, huyazunguka. Huhamia kwenye mwinuko na kunyanyua matuta ili maji yatiririke. Hupanda matembele, ambayo hutoka kwenye vipando na si kwenye mbegu, kwa hiyo mvua haina cha kusomba. Huchuma kisamvu na majani ya kunde. Nyanya huziacha kabisa, maana unyevu huo ndio chakula cha bakajani.

Juni inapoingia, mambo hugeuka. Visima vifupi vya mabondeni vimejaa, jua si kali, magonjwa ya ukungu yamepungua. Huu ndio msimu mkuu: mchicha, chainizi, figiri, spinachi, ngogwe, bamia. Wachuuzi, wengi wao kina mama, huja asubuhi na kununua tuta zima likiwa bado shambani. Nyanya nazo hufanya vizuri zaidi sasa, kwa kuwa usiku wenye joto huharibu chavua na maua yakapukutika. Hata hivyo kwa nyanya na kabichi jiji litaendelea kutegemea nyanda za juu, Iringa na Lushoto, ambako baridi inatosha.

Vuli ni mvua ya kubahatisha. Mwaka mmoja hukatika Novemba. Mwaka mwingine, kama 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu hupata joto kupita kawaida na mafuriko yakafuata. Busara ni kusia kidogo kidogo, tuta baada ya tuta, kila wiki. Kiangazi kikifika, matuta hudidimizwa ili yashike maji, nyasi hutandazwa, na jicho huelekezwa kwa utitiri mwekundu. Karibu na pwani visima huanza kuwa na chumvi. Mchicha huivumilia kuliko maharage, na jua kali haliupi shida. Shida yake ni kukosa maji.

Kinachotupasa

Kalenda hii yote imesimama juu ya nguzo moja: ardhi yenye maji wakati mvua haipo. Katika jiji letu ardhi hiyo ni mabonde, na hasa Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi zilihamishwa kutoka bondeni kwenda Mabwepande, na ilikuwa haki kuokoa maisha. Lakini mahali pasipofaa kulala mtu miezi ya mafuriko panaweza kulisha maelfu miezi inayobaki. Kanuni za mipango miji za mwaka 1992 zilikwisha kukitambua kilimo cha mijini. Ramani za mipango miji nazo ziyaandike mabonde kuwa ardhi ya mboga, badala ya kuyaacha kama eneo tupu linalosubiri mwekezaji.

Haki ya kulima mabondeni ina sharti. Mto Msimbazi unabeba majitaka na taka za viwandani, na mboga inayomwagiliwa maji hayo si neema kwa mlaji. Kumfukuza mkulima hakuusafishi mto. Kudhibiti wanaoutiririshia uchafu, na kumchimbia mkulima kisima salama, kunawalinda wote wawili.

La mwisho linatuhusu sisi wasomi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu, ikieleza kama mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Afisa ugani huutafsiri kwa ajili ya mahindi na mpunga. Tuutafsiri pia kwa ajili ya mchicha: masika yakitabiriwa kuwa juu ya wastani, vipando vya matembele viwe vimeshika mwinukoni kabla mvua kubwa hazijaanza. Chuo hiki kinao wataalamu wa hali ya hewa na wa udongo, na wakulima mliopo hapa mna maarifa ya miaka mingi. Tukikaa meza moja, kalenda ya mboga ya Dar es Salaam inaweza kuandikwa na kufika kila kata kabla ya masika yajayo. Kazi hiyo ni yetu, na naomba tuianze sasa.