Nani Hulipwa Kutunza Kiwanja?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya fedha za Serikali za kutengeneza viwanja vidogo vya ndege huko kaskazini. Najua wengine wenu wanasema moyoni, "Sisi watu wa mshahara mdogo tuna habari gani na ndege? Ndege ni ya mawaziri na watalii." Mimi pia nilisema hivyo hivyo zamani. Kisha nikaandikwa kibarua katika kiwanja kimoja huko, jina lake sitalitaja, ndipo nikafunguka macho.

Tulikuwa vibarua wanne. Kazi yetu ilikuwa kufyeka nyasi, kuokota mawe, kubomoa vichuguu vya mchwa na kufukuza mbuzi. Mtu wa mjini akisikia kuokota mawe atacheka. Lakini jiwe dogo likirushwa juu laweza kuharibu mapanga yale yanayozunguka puani mwa eropleni, na hapo safari imekwisha. Rubani akija alipita kwanza chini chini mara moja, atazame kama ngamia wameondoka njiani, kisha akazunguka na kurudi kutua. Mafuta ya kuzunguka huko hayatoki mfukoni mwake, yanatoka katika nauli. Tena mchana, jua likiwa kali, hewa huwa nyepesi na ndege hutaka njia ndefu zaidi ili ipae. Njia ikiwa fupi, au ikiwa laini kwa matope, rubani hupunguza mizigo, ama hupunguza watu.

Mvua ikinyesha na mitaro haipo, changarawe huwa kama uji. Magurudumu hukata mifereji, kiwanja hufungwa, na mgonjwa hulala pale pale alipo.

Basi, mwaka mmoja fedha zilikuja. Greda lilifanya kazi siku chache, changarawe mpya ikamwagwa, wakubwa wakapiga picha. Greda likaenda zake. Haikupita miezi mitatu sisi vibarua tukaambiwa hakuna fungu la mishahara yetu, twende nyumbani. Mbuzi hawakuambiwa kwamba hakuna fungu. Mvua ya pili ilipopita, kiwanja kilikuwa vile vile kama kabla ya greda.

Hilo ndilo neno langu leo, ndugu zangu. Serikali hutoa fedha za kujenga, husahau fedha za kutunza, na mtunzaji ni mfanya kazi.

Sasa mwaniuliza, kwa nini jambo hili liwe la chama? Mkumbuke Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na watu 28 wakauawa, walimu wakiwamo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanya kazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji huo huo. Hao walikuwa watu wa kazi kama sisi, waliokwenda kutafuta mkate. Waliobaki hai walikwenda wapi? Mamia walikwenda kulala kiwanjani kwa ndege, wakaomba waondolewe. Barabara kwao ilikuwa kifo, na mlango uliobaki ulikuwa ule wa kiwanja tu. Mwalimu, muuguzi au fundi anayepelekwa huko na tajiri wake, hata tajiri akiwa ni Serikali yenyewe, ana haki ya kuuliza kama mlango huo uko wazi.

Tena mwisho wa mwaka 2023 mafuriko yalikata barabara za Wajir, Mandera na Garissa, chakula kikapelekwa kwa ndege. Na habari ya madaktari wa ndege mnaijua. Kazi yao hapa Afrika Mashariki ilianza mwaka 1957. Daktari hata awe hodari namna gani, pasipo mahali pa kutua atazunguka juu na kurudi Nairobi.

Wakubwa nao hawakuokoka. Januari 2003 ndege iliyochukua mawaziri iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikipaa kutoka kiwanja cha Busia. Aliyekufa pamoja na marubani ni Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, mtu wa Wajir. Waziri wetu sisi, wa kazi! Nyaya ziko wapi, miti iko wapi, hayo nayo ni matunzo ya kiwanja.

Sikatai kwamba fedha nyingi zimetumika. Kiwanja cha Isiolo kilifunguliwa mwaka 2017, jengo zuri la kupendeza. Lakini njia yake ni kama kilometa moja na nusu, haitoshi ndege kubwa za mizigo, na miaka iliyofuata abiria walikuwa haba. Mimi ningetaka kioo kidogo na njia ndefu.

Ukiuliza ni kazi ya nani, utazungushwa. Katiba ya 2010 imeweka usafiri wa ndege mikononi mwa Serikali kuu. Iko Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Kaunti nazo hutia fedha zao hapa na pale, kwa kuwa watu wao ndio wanaolia. Kila mmoja humwonyesha mwenziwe kidole. Huko Australia, nchi yenye majangwa makubwa kuliko yetu, Serikali kuu ina mfuko maalum wa viwanja vya mbali, wa kuweka taa, ua wa kuzuia wanyama, mitaro na njia ngumu, na mara nyingi mwenye kiwanja hutoa sehemu yake. Basi hujulikana nani analipa nini. Sisi hatuna haja ya kuiga kila kitu, lakini hilo la kujua nani analipa laweza kutufaa.

Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lipitishe barua kwa Waziri. Kwanza, kila kiwanja kinachotengenezwa kiwe na fungu la matunzo la kila mwaka, lililoandikwa mbali na fungu la ujenzi. Pili, watunzaji waajiriwe kutoka mahali pale pale, kwa kazi ya kudumu na mshahara wa kila mwezi, wapewe na viatu, maana miiba ya huko naijua. Tatu, mwajiri anayempeleka mtu mahali pasipo na barabara salama alipe nauli yake ya ndege.

Barua imekwisha kuandikwa kwa mkono. Iko kwa karani pale mezani, na wanaotaka kutia sahihi wamwone kabla taa hazijazimwa.