Usambara Baada ya Magharibi

(MLIO: dufu, kisha tarumbeta. Zinafifia.)

Wageni wengi wanaopanda Lushoto humaliza matembezi yao jua linapotua. Asubuhi wamesimama Irente wakitazama tambarare ya Mazinde, mchana wametembea msitu wa Magamba, na saa mbili usiku wamekwisha kujifunika mablanketi. Nasema bila kusita kwamba wanateremka Mombo bila kuwajua Wasambaa. Watu hujulikana pale wanapokusanyika kwa ajili yao wenyewe, na Usambara mikusanyiko hiyo ni ya usiku. Wala kesha moja halitoshi. Yanatakiwa mawili yasiyofanana kabisa: la maulidi, na lile la Walutheri wa kuamkia Pasaka.

Kwenye maulidi sauti ya binadamu ndiyo kiongozi. Barzanji, kisomo cha kuzaliwa kwa Mtume, husomwa kwa zamu, udi unafuka, watu wanasimama kwenye kiamu huku marashi yakinyunyizwa, na dufu hufuata msomaji anakokwenda. Angalia wapigaji: ukungu wa mlimani hulegeza ngozi, basi dufu hupashwa moto kwenye makaa mpaka lilie kavu. Kwa Walutheri chombo ndicho kinachotangulia. Tarumbeta hutoa sauti nne, waimbaji wanaingia juu yake, na kabla hapajapambazuka waumini huelekea makaburini. Nao husumbuliwa na hali ya hewa hiyohiyo, kwani shaba ikipoa sauti hushuka. Ndiyo maana mpigaji hupuliza pumzi ya moto ndani ya chombo kabla ya kuanza. Tarumbeta hizo zina asili yake: misheni ya Kijerumani iliyofika Mlalo mwaka 1891 baadaye ilihamishia makao yake Bethel, Bielefeld, mahali panaposifika Ujerumani kwa tarumbeta za kanisa.

Hapo ndipo wengine watapinga: kesha moja limetoka Pwani, jingine Ujerumani, Usambaa wenyewe uko wapi? Si afadhali ngoma inayochezwa kwenye uwanja wa hoteli? Ngoma nazo zina heshima yake, lakini hoja hiyo inasahau masimulizi ya Wasambaa wenyewe. Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi uliokuwa na makao Vuga, alikuwa mwindaji mgeni kutoka Nguu. Aliwagawia watu nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme. Nchi inayosimulia hivyo asili ya ufalme wake haiwezi kuambiwa kwamba kilichoingia kwa mlango si chake. Hata kitabu kikubwa cha habari hizo, Habari za Wakilindi, kiliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, kikapigwa chapa na misheni ya Waanglikana ya Magila kuanzia mwaka 1895. Mtu akihudhuria kesha moja tu atadhani ameona kabila zima. Akihudhuria yote mawili, ataona familia zilezile, majina ya ukoo yaleyale na Kisambaa kilekile kikizungumzwa uani wakati wa chai.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu kubwa: hii ni ibada, si maonyesho. Mtalii anayeinua simu mbele ya msomaji, au kupita katikati ya makaburi akitafuta picha, heri abaki chumbani. Lakini dawa yake ni adabu. Maulidi ni hafla ya kualikana na kulishana, na kanisa halina kawaida ya kumfukuza mgeni mlangoni. Fika mapema, umwone imamu au mwinjilisti wa mtaa, uombe ruhusa, uvae nguo ya heshima, ukae unapoonyeshwa. Panga na tarehe pia: Pasaka huwa Machi au Aprili, miezi ya mvua, na barabara ya Mombo kupitia Soni huteleza; maulidi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka yatakayoangukia baridi ya Juni na Julai. Chukua sweta, msikilizaji, na uwaulize wenyeji wako Lushoto wiki moja kabla.

(MLIO: dufu linapanda.)