Ubao ao Giche? Maneno juu ya saiti ya shirika letu

(Yalisemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Irumu)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya saiti yetu ya intaneti. Kuna mawazo mawili. Wengine wanataka saiti ya kusomwa tu. Wengine wanataka programu ambamo kila mwanamemba ataingia na neno lake la siri, aone mchango wake, aombe msaada. Makuta tuliyo nayo yanatosha kuanza moja tu.

Ya kwanza ni sawa na ubao wa matangazo kwenye mlango wa kanisa. Unabandika karatasi, unaenda zako. Kila anayepita anasoma ile ile. Ya pili ni giche. Unafika na shida yako, mtu anafungua kitabu, anatafuta jina lako, anakujibu wewe mwenyewe. Giche ni nzuri, lakini inaomba mtu akae pale kila siku. Kwenye intaneti, huyo mtu ni seva, ni hazina ya majina, ni fundi wa kuziba matundu wezi wasiingie.

Mimi nilishakosea. Zamani kidogo, mahali pengine, nilisukuma sana tutengeneze programu ya kuandikisha familia zilizorudi. Ilikuwa na sura nzuri. Mradi ulipoisha, hakuna aliyelipa seva. Siku moja tunafungua: hakuna kitu. Mama mmoja akaniuliza, "Sasa jina langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Kitabu cha karatasi tulikuwa tumeshaacha kukiandika.

Kuna jambo zito zaidi. Sisi ni watu tuliokimbia tukarudi, wengine mara mbili, mara tatu. Orodha inayosema nani karudi, kijiji gani, shamba lake liko wapi, ikianguka mikononi mwa watu wabaya, hayo si makosa ya kompyuta tena, ni maisha ya watu. Hata sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Kijana mmoja ameniambia: "Lakini ubao hausikii." Ni kweli. Ila tuangalie telefone zetu: wengi wako na tochi tu. Michango inaweza kupita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ambazo zinafanya kazi kwenye tochi bila mega. Malalamiko yatapita kwa numero ya komite. Kumbe giche ndogo tuko nayo tayari.

Kwa hiyo nashauri ubao kwanza: kurasa chache, nyepesi, zenye ripoti ya makuta, tarehe ya kugawa mbegu na numero ya komite. Katibu azibadilishe kila mwezi, kisha zichapwe na kubandikwa Komanda, Marabo na Nyankunde. Majina yabaki kwenye kitabu, chini ya ufunguo.

Giche kubwa tutaifungua siku tutakapokuwa na majibu matatu: nani atakaa pale, nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu, na nani atawajibika jina la mtu likitoka nje. Wafadhili wetu, msitupatie makuta ya kujenga bila ya kutunza.

Sasa nyinyi museme.