Simba, Dubu na Barua ya Kazi

Binti mmoja wa Nyamira aliniletea barua ya kuomba kazi ya kutunza ghala. Aliandika, "Sina ujuzi."

Nikamwuliza, "Mwanangu, miaka hii mitatu ulifanya nini?"

"Mchungaji, nilikuwa karani tu wa kituo cha majani chai."

Neno "tu" lilinihuzunisha. Kupima majani, kuandika kilo za kila mkulima, kuwatuliza wanaobishana penye mizani: je, ghala lataka nini zaidi?

Sauli alimwona Daudi kuwa kijana tu, asiyeweza kupigana. Alieleza jinsi alivyowaua simba na dubu akichunga kondoo (1 Samweli 17), akaruhusiwa.

Ndugu, usiongeze uongo. Wala usiifiche kweli. Tuliandika barua upya.